Mlio wa Friwili: Kitovu cha Baiskeli Husema Nini?

Mwendesha baiskeli ashukapo mteremko huacha kukanyaga pedeli, na papo hapo husikika kutoka gurudumu la nyuma mlio wa tiki-tiki-tiki. Watu wengi hawaujali. Huko Ulaya na Marekani, hata hivyo, wako wanunuzi wachaguao kitovu cha gurudumu kwa ajili ya mlio huo, na hulipa fedha nyingi wapate kile kivumacho kwa nguvu zaidi. Yafaa kuuliza ni kitu gani hasa wanachokinunua.

Ndani ya friwili mna pete ya chuma yenye meno yaliyolala upande mmoja, mfano wa meno ya msumeno. Meno hayo hukabiliwa na vilimi vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi. Mnyororo uvutapo, ncha za vilimi hujikita katika meno, na nguvu ya miguu hufika gurudumuni. Pedeli zisimamapo, gurudumu huendelea kuzunguka. Kila kilimi hupanda mgongo wa jino, kisha springi hukitupa katika pengo lifuatalo. Kila anguko ni pigo moja. Ganda la kitovu, lenye uwazi ndani, huukuza mlio kama mzinga wa ngoma.

Kwa hiyo mlio waweza kuhesabiwa. Chukua gurudumu lenye mzingo wa meta 2.1, likienda kilometa 20 kwa saa. Huzunguka takriban mara 2.65 kwa sekunde. Pete ikiwa na meno 18, na vilimi vyote vikianguka pamoja, yatapatikana mapigo 48 hivi kwa sekunde: mkwaruzo mzito. Pete ya meno 72 hutoa mapigo 190 hivi, na hapo sikio halitambui tena pigo mojamoja, bali husikia sauti moja ivumayo. Baadhi ya vitovu vya Chris King vya Marekani vina meno 72, na wapenzi wake huufananisha mvumo huo na wa nyuki waliochokozwa. Katika baadhi ya vitovu vya DT Swiss, vya Uswisi, pete za meno 18 zaweza kutolewa zikatiwa za 36. Wanafunzi wa muziki watatambua kwamba sauti hupanda oktava moja kamili.

Wingi wa meno una faida ya kweli. Kwa meno 18, kitovu chaweza kupotea hadi nyuzi 20 kabla ya kushika. Kwa meno 72, nyuzi 5 tu. Mpanda milima kwenye njia ya mawe huihisi tofauti hiyo. Lakini meno mengi katika pete ile ile hayana budi kuwa madogo, na madogo hudai chuma bora na ufundi wa hali ya juu.

Ukubwa wa sauti ni jambo jingine kabisa. Hutokana na ukali wa springi, umbo la ganda, na hasa kiasi cha grisi. Wako wanaoifuta grisi ili kitovu kipige kelele. Chuma husagana na chuma, na meno huliwa mapema. Kuijaza grisi nzito kupita kiasi nako ni hatari: kilimi chaweza kunata kisishike, na pedeli ikateleza ghafla chini ya mguu wa mtu aliyesimama akipanda kilima.

Wengine husema kelele huwaonya waendao kwa miguu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani kitovu hunyamaza wakati mwendeshaji akanyagapo kwa bidii. Kengele haina kasoro hiyo. Tena viko vitovu vya Onyx, vya Marekani, visivyo na vilimi wala meno. Vipande vidogo vya chuma hujikaza kati ya pete mbili laini, hushika karibu papo hapo, na gurudumu hushuka mteremko kimya.