Mkienda Kutalii Nairobi Wakati wa Baridi



Kila inapofika miezi ya Juni na Julai hutujia mtu na mkewe, wa Mbagala au Tandika, wa Kawe au Tegeta, wakituuliza wachukue dawa gani ya baridi kwa kuwa wanakwenda kutalii Nairobi. Wengine wanaadhimisha jubilei ya miaka 25 ya ndoa, wengine wamealikwa na mtoto anayefanya kazi huko. Tunafurahi kuwasikia, kwa maana watu wa ndoa wanaohangaika mwaka mzima wanahitaji kupumzika pamoja. Lakini dawa ya baridi hatuna. Tunachoweza kuwapa ni maelezo, nayo kwa kifupi ni haya: baridi ya Nairobi haimdhuru sana mtu mwenye afya aliyevaa vizuri. Yanayoleta msiba ni yale tunayoyafanya ili kuikimbia baridi, na maradhi tunayoyasingizia baridi.

KWA NINI NAIROBI KUNA BARIDI

Jina la Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mji huo uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 tunazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Mwezi wa Julai usiku wa Dar es Salaam huwa na nyuzi 18 au 19 za sentigredi. Usiku wa Nairobi mwezi huo hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana huishia nyuzi 21 au 22. Mara nyingi mawingu hutanda tangu asubuhi, na jua huweza kukosekana siku mbili tatu. Nyumba nyingi hazina chombo cha kupasha joto, kwa hiyo baridi ya nje huingia hadi kitandani.

KABLA YA KUONDOKA

Msitegemee koti moja zito. Nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, hutunza joto vizuri zaidi, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake huzuia joto la mwili lisitoke. Jua likitoka mnapunguza moja. Sweta nzuri za mitumba zapatikana Tandika na Karume; zifueni na kuzipiga pasi kabla ya kuzivaa. Msisahau soksi na kitu cha kufunika kichwa.

Mwenye presha, kisukari au pumu achukue dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi. Azitie katika mkoba anaoushika mwenyewe, si katika begi linalowekwa chini ya basi. Tena, kila mmoja ajue dawa za mwenzake: jina lake, kiasi chake na saa ya kumeza. Baba akizidiwa, mama ndiye atakayeulizwa na daktari.

Jambo jingine ni chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo mnaporudi Tanzania mnaweza kudaiwa cheti mpakani. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba cheti hicho hudumu maisha yote, basi mwenye cha zamani asikitupe. Aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa amwone daktari kwanza.

NJIANI

Basi la kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Moshi, Arusha na Namanga huchukua siku nzima. Mtu anayekaa muda mrefu bila kunyoosha miguu, damu huzubaa katika mishipa ya miguu na yaweza kuganda. Chezesheni vifundo vya miguu mkiwa mmekaa, na kila basi linaposimama shukeni mtembee. Akina mama wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa shida ya choo. Matokeo yake ni kuumwa kichwa, kufunga choo na maradhi ya njia ya mkojo. Kunyweni kidogo kidogo.

MNAPOTEMBEA MJINI

Nairobi ina mengi ya kuona. Mbuga yake ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko pembeni kabisa mwa mji, hata simba na vifaru huonekana huku maghorofa yakiwa nyuma yao. Kuna Makumbusho ya Taifa, kuna twiga wa Lang'ata, kuna Kanisa Kuu la Familia Takatifu, na jirani yake jengo la mikutano la Kenyatta lililofunguliwa mwaka 1973. Anayekwenda mbugani alfajiri au anayepanda juu ya jengo hilo avae vizuri, maana upepo huongeza ubaridi.

Baridi hubana mishipa ya damu, na mishipa ikibanwa presha hupanda. Ndiyo maana safari hii si wakati wa kuacha vidonge kwa kuwa mtu anajisikia vizuri. Angalieni pia dawa za mafua za dukani: baadhi yake hupandisha presha, hivyo mwambieni muuzaji kuwa mna ugonjwa huo. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kidogo, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Siku ya kwanza nendeni polepole. Kule juu mtu mwenye upungufu wa damu au ugonjwa wa moyo huhema upesi.

Mwenye kisukari asivae viatu vipya kwa matembezi marefu, na kila jioni mwenzake amkague nyayo. Pia asilaze miguu juu ya chupa ya maji moto, kwa maana miguu iliyokufa ganzi huungua bila yeye kujua.

Wako wanaosema pombe kali huleta joto. Si kweli. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajiona amepata joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje.

JIKO LA MAKAA CHUMBANI

Hapa tunaomba msikilize kwa makini. Usiku wa baridi mwenyeji mwema aweza kuwaletea jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa na nguo imezibwa chini ya mlango. Wengi hudhani kuwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, haina harufu, wala haikereketi koo. Hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ninyi ni wawili, na hilo ni msaada: mkiumwa kichwa nyote kwa wakati mmoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msiseme ni uchovu wa safari. Toeni watu kwanza, fungueni milango na madirisha, kisha nendeni hospitali mkapewe oksijeni. Msimpe mgonjwa maziwa. Sumu hii iko katika damu, si tumboni, na aliyelegea aweza kupaliwa.

Basi mwenyeji akileta jiko, mshukuruni, jiotesheni mahali penye hewa, na kabla ya kulala litolewe nje. Ombeni blanketi la pili badala yake. Si utovu wa adabu.

KUTETEMEKA SI BARIDI SIKU ZOTE

La mwisho ni hili. Malaria ni chache katika mji wa Nairobi, lakini ninyi mmetoka Dar es Salaam. Mbu aliyewauma Mbagala au Bunju juma moja au mawili kabla ya safari aweza kuwaangusha mkiwa Nairobi. Mtu huanza kutetemeka, viungo vinauma, kichwa kinauma, na kila mmoja anasema, "Ni baridi, mfunikeni." Siku mbili zinapita chini ya mablanketi, na malaria inaendelea kupanda.

Baridi haileti homa. Mkiona mwenzenu anatetemeka, mguseni mwili. Akiwa na joto, mpelekeni kupimwa damu siku hiyohiyo. Na neno la kwanza kwa mganga liwe hili: "Tumetoka Dar es Salaam." Asipoambiwa, huenda akafikiria mafua peke yake. Anayehema haraka, anayechanganyikiwa au anayetapika kila anachokunywa asingoje asubuhi. Hata mkisharudi nyumbani, kikohozi chenye homa na kuhema kwa shida chaweza kuwa nimonia. Msikitibu kwa tangawizi tu.

Kwa hiyo, mnapofunga mizigo, hakikisheni mna sweta, dawa na cheti. Mkifika, jiko lilale nje, na homa ipimwe. Mengine yote ni ya kufurahia: twiga watawalia chakula mkononi, na chai ya maziwa ya Nairobi asubuhi ya baridi ni tamu sana. Tunawatakia safari njema.