Magaga ya Nyayo za Paka

Mtu ampakataye paka wake jioni, akaupapasa wayo kwa ncha ya kidole, hukuta zile nyama nene zisizo na manyoya, ambazo kwa mnyama mwenye siha huwa na ukavu kiasi lakini hubonyea. Na iwapo siku moja akazikuta zinakwaruza na zimepasuka mithili ya kisigino chenye magaga, aghalabu jambo la kwanza limjialo ni kutafuta mafuta ya kupaka. Simlaumu, ila ningependa kwanza aitazame sakafu anayokanyaga paka yule.

Kwani ngozi ya wayo, ijapokuwa ndiyo nene kuliko zote mwilini mwake, huathirika na kila inachokikanyaga. Na katika nyumba zetu za Mji Mkongwe, Unguja, viko vitu vitatu viikaushavyo upesi: vumbi la chokaa kuta zinapokarabatiwa, mabati ya paa yaliyochomwa na jua la kaskazi, na sakafu iliyopigwa deki kwa dawa kali isisuuzwe. Sababu ikiondolewa, nyufa ndogo hupona zenyewe. Paka mzee, au azururaye vichochoroni, huwa na nyayo ngumu kwa tabia, wala hayo si maradhi.

Hadhari kubwa ni hii: paka hujiramba, na chochote kiwekwacho wayoni mwake hakina budi kuingia tumboni. Tena ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja dawa za jamii ya finoli, ambazo ini letu huzimudu; ndiyo maana mafuta ya karafuu, tuyatiayo kwenye jino linalouma, kwake ni sumu, kadhalika zile dawa za kuulia vijidudu zigeukazo nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Nimesikitika mara nyingi kuona mnyama akidhurika kwa huruma ya mwenyewe.

Basi nyayo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu matupu, zikaushwe kwa kitambaa laini hata baina ya vidole, kisha, paka akiwa ameshiba na anasinzia, zipakwe mafuta safi ya nazi, machache mno, yale yanayobaki kwenye ncha ya kidole baada ya kukifuta. Yakizidi, atayaramba na kuharisha.

Walakini yako magonjwa yasiyotibika kwa mafuta. Nyama ya kati ya wayo ikivimba na kuwa tepetepe kama mto uliopungua pamba, pengine na rangi ya zambarau, huenda kinga ya mwili wake imeasi, na tabibu aghalabu humpa doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Magamba yanayoandamana na kunyonyoka manyoya huweza kuwa choa, nacho humwambukiza binadamu. Paka mwenye dalili hizo, au anayechechemea na kutoka damu, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia, wala asipakwe kitu chochote kabla hajatazamwa.