Mashimo ya Mviringo ya Songo Mnara

Wageni wengi wanaoingia katika magofu ya Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani, hutazama milango na mihrabu. Dari huwapita. Kumbe huko juu, kwenye chokaa ya matao, yamebaki mashimo ya mviringo yaliyopangwa kwa safu, kila moja kadiri ya bakuli. Ndimo yalimokaa mabakuli ya kauri: mwashi aliyapachika chokaa ikiwa mbichi, nyuso zikitazama chini. Mengi yalikwisha kung'olewa. Msikiti Mdogo wa Kilwa Kisiwani nao ulipambwa hivyo kubani.

Yaani chombo cha kulia kiligeuzwa picha.

Kauri nyingi ya kijani ya Kichina iliyofika Kilwa ilichomwa Longquan, jimbo la Zhejiang, China. Kijani kile hakikuchorwa; ni chembe za chuma ndani ya mng'aro, zilizonyimwa hewa tanurini. Kauri ya buluu ina mafundi wake. Tangu karne ya 14 wachoraji wa Jingdezhen walitumia kobalti juu ya udongo mkavu usiochomwa, ambao hunywa rangi papo hapo. Mkono ukitetemeka, mtetemo hubaki. Baadaye chombo hupakwa mng'aro na kuingia kwenye moto wa nyuzi joto za Selsiasi zipatazo 1,300.

Hata Mjapani anayechora kwa wino wa masizi anaujua ugumu huo, maana karatasi yake nayo hunywa wino wala hairudishi. Mfinyanzi Ogata Kenzan (1663–1743) wa Kyoto alitengeneza sahani za mraba, kaka yake Kōrin akazichora kwa rangi ya chuma kama anayechora karatasini. Na kauri ya Longquan ilipendwa sana huko: bakuli la chai liitwalo Bakōhan, lililopasuka likabanwa kwa vibanio vya chuma, limetunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Bakuli la kauri Japani wakalishika viganjani. Kilwa wakalipandisha darini.

Leo vigae vya kauri vimetapakaa Kilwa hata ufukweni. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alivitumia kukadiria umri wa kuta, na kigae husema hivyo kikiwa mahali pake tu. Anayekiona chenye buluu akiinamie bila kukiokota, atafute mahali mstari ulioanza mnene unapokwisha mwembamba: hapo ndipo fundi alipoinua brashi.