Mwiko wa Mwashi na Chumvi ya Pwani

Mtu asimamaye alfajiri penye kivuko cha Likoni, saa ambayo watu wa Mtongwe, Timbwani na Shika Adabu huteremka kwa wingi kwenda kisiwani kutafuta riziki, huwatambua waashi hata kabla hajaiona mikono yao, kwa kuwa kila mmoja amechukua begani kigunia kilichotokeza ncha ya pima maji mdomoni, na kigunia hicho kinapotuliwa chini husikika mlio wa chuma kugongana na chuma. Mlio huo hunisikitisha. Nimeifanya kazi ya kupiga plasta kwa umri wangu wote wa utu uzima, na ninajua bila ya kukifungua kigunia yaliyomo ndani: mwiko mmoja au miwili, floti ya chuma, nyundo, timazi na tupa, vyote vimetiwa pamoja jana magharibi vikiwa bado vina majimaji, vikalala usiku kucha katika unyevu wa gunia lenye vumbi la simiti, na asubuhi hii vinakwenda kugusa ukuta wa mtu aliyetoa fedha zake kwa matumaini ya kuupata ukiwa laini.

Ukuta hauna siri. Mwaka uliopita niliitwa Mtopanga, upande wa Kisauni, kwenda kuutazama ukuta wa sebule ambao, jua la asubuhi lilipoingia dirishani na kuumulika kwa ubavu, ulionyesha mifuo myembamba iliyokwenda mitatu mitatu, sambamba, kana kwamba mtu ameupitishia kitana. Mwenye nyumba aliushutumu mchanga. Fundi, kijana wa adabu na mwenye mkono mwepesi, aliishutumu simiti. "Mzee wangu," aliniambia, "mchanga nimeuchekecha mara mbili kwa mkono wangu." Sikuwa na shaka naye. "Nipe floti yako, mwanangu," nikamwambia, na nilipoupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali yake nikahisi vipele vitatu vya simiti ya zamani, vigumu kama jiwe, kila kimoja hakizidi punje ya ufuta. Tulipoiweka floti ukutani, vipele vile viliangukia katika mifuo ile bila ya kukosea hata kimoja.

Wazee waliotutangulia hawakuwa na taabu hii kwa kiasi tulicho nacho sisi, na sababu yake inastahiki kuelezwa. Kuta za pwani hii, kuanzia majumba ya Gedi na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hadi nyumba za babu zetu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yale yale, yakichomwa katika tanuu la kuni lililorundikwa uwanjani. Na chokaa, ikisha kuzimwa kwa maji, haishiki mpaka ivute hewa, kwa kuwa ugumu wake hutokana na hewa ya ukaa inayorudi ndani yake pole pole, siku baada ya siku. Chokaa iliyofunikwa na maji hukaa mbichi kwa miezi. Basi mwashi wa zama hizo, ambaye siku ya kusakifu aliwaona watu wakiipigapiga sakafu kwa vigongo tangu asubuhi hali wakiimba, angeweza kuusahau mwiko wake ndani ya chokaa mbichi mpaka jua likatua, kisha akautoa, akaufuta kwa makumbi ya nazi, na jambo likaisha.

Simiti haina subira hiyo. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa simiti mwaka 1954, kililichukua jabali lile lile la matumbawe, kutoka katika mashimo ambayo leo watu huyazuru kutazama miti na wanyama, kikalichoma kwa moto wa nyuzi 1450 hivi, likatoka unga ambao haungojei hewa bali maji tu. Unga huo huanza kushika kwa muda wa saa moja au mbili tangu uonje maji, na ule utando mwembamba uliobaki juu ya ubapa wa mwiko, ukipigwa na jua la Changamwe saa saba ya mchana, hunyauka na kung'ang'ania kwa dakika chache. Saa ya fundi ilibadilika. Dasturi yake ya kuosha ikabaki ile ya chokaa.

Sasa nije katika kutu, ambayo nayo mafundi wengi huinasibisha na simiti, na hukumu hiyo si ya insafu. Katika kile kipimo cha wanakemia kinachoanzia 0 hadi 14, ambacho maji safi hukaa penye 7, uji wa simiti hupita 12. Na chuma kikiwamo ndani ya ukali wa namna hiyo, mfano wa ukali wa magadi, hujivika utando mwembamba usioonekana kwa jicho, ambao huizuia kutu isianze. Ndiyo maana nondo zilizozikwa ndani ya zege njema hukaa miaka mingi bila ya kuharibika. Adui wa mwiko kwetu ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi, na wakati wa kusi, mawimbi yanapovunjika mwambani na upepo ukachukua matone yake mpaka ndani ya nyumba za Likoni, chumvi hiyo hutua juu ya kila kitu, ikatoboa ule utando wa chuma nukta kwa nukta. Fauka ya hayo, iko chumvi ya visima vingi vya bara hii ya Mombasa, iko ya mchanga uliochimbwa karibu na pwani, na iko ya jasho la kiganja. Kwa hiyo fundi anayeuosha mwiko wake kwa maji ya kisima, kisha akautia guniani bila ya kuufuta, ameuondolea simiti iliyokuwa ikiukinga na akaupa chumvi mahali pake.

Kutokana na hayo mwenye akili atajipatia mwenyewe kanuni za usafi, lakini mimi nitazieleza kama ninavyozitenda. Pembeni pa karai huweka ndoo mbili. Ya kwanza ni ya maji yoyote yaliyopatikana, na ndani yake huuchovya mwiko na kuusugua kwa brashi kila nimalizapo sehemu ya ukuta, hata kama nakusudia kuendelea papo hapo, kwa sababu utando wa simiti ukingoja mpaka mapumziko ya chakula huwa umekwisha kuwa jiwe. Ya pili ni ya maji baridi yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua, na haiguswi mpaka mwisho wa kazi. Najua ya kwamba maji ya mfereji si jambo la kulichezea katika Chaani wala Bofu, ambako watu huyanunua kwa mtungi. Lakini suuza ya mwisho haitaki zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo ni rahisi kuliko floti mpya. Maji machafu ya ndoo ya kwanza nayo yasimwagwe katika mtaro, kwani simiti hushika humo humo na kuuziba. Yaachwe yatuame, kisha mashapo yamwagwe juu ya kifusi.

Brashi na ipite hasa pale ambapo macho hayapiti. Floti ya chuma ina uti mgongoni, uliofungwa kwa ribiti, na baina ya uti na ubapa upo mwanya ambao simiti huingia kila siku na chumvi huja kujificha ndani yake. Floti nyingi nilizoziona zimekufa zilianza kufia hapo, hali uso wake ukingali unang'aa. Mswaki mkuukuu unafaa sana kwa mwanya huo. Na jambo moja ambalo sitachoka kuwakataza vijana ni kuugonga mwiko juu ya jiwe ili simiti ianguke: simiti huanguka kweli, lakini makali huingia pengo, na pengo hilo litaandika mfuo wake ukutani kama vilivyoandika vile vipele vya Mtopanga. Kipande cha mbao laini kinatosha kuikwangua.

Ikiwa taksiri imekwisha kutendeka na simiti imeshika, usiutie mwiko motoni. Nimewaona watu wakifanya hivyo juu ya jiko la makaa mpaka chuma kikawa chekundu, na baada yake ubapa ule ukapinda kama bati, kwa sababu feleji iliyokwisha kupewa ugumu wake kiwandani huupoteza kwa moto wa namna hiyo, wala mwenye mwiko hana njia ya kuurudisha. Chukua badala yake siki au maji ya ndimu, ambayo uchachu wake huila simiti, ukilaze chombo humo mpaka ukoko ulainike. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, ukichovye mara moja katika maji yenye chokaa ili uchachu ufe, ukisuuze na kukikausha, la sivyo utakiona kimevaa kutu ya rangi ya manjano kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Ile asidi kali inayouzwa kwa kuoshea vigae siishauri hata kidogo: mvuke wake hudhuru kifua, na chuma chenyewe huliwa pamoja na simiti.

Wako wanaotumia maji ya sukari, nao hawakukosea, maana sukari huizuia simiti kushika na huulainisha utando mwembamba uliobaki. Lakini ndoo ya sukari ikae mbali na karai. Sehemu ndogo mno ya sukari, hata chini ya moja kwa mia ya uzani wa simiti, hutosha kuichelewesha plasta isishike kwa wakati wake, na fundi akashinda akingojea ukuta uliokataa kukauka bila ya kuijua sababu.

Chombo kilichokauka kinataka mafuta, na hapa Mwenyezi Mungu ametukirimu, kwani mafuta ya nazi, ambayo huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, katika mji wetu huwa maji maji karibu mwaka mzima na huenea vizuri kwa kitambaa. Tone moja au mawili yanatosha ubapa wote. Mafuta machafu ya gari nimeyaona yakitumiwa, na nimeyaona pia madoa yake meusi juu ya plasta nyeupe. Sifa ya papa, ambayo manahodha waliipaka mbao za vyombo vyao na ikazitunza sana, iachiwe mbao hizo. Asubuhi mafuta yafutwe kwa kitambaa kikavu na mchanga mkavu kidogo, kwa kuwa yakibaki juu ya floti yatahamia ukutani, na rangi haitashika mahali palipoguswa na mafuta.

Siku hizi kazi ya jasi imeenea, hususan katika nyumba za kupangisha zinazojengwa Kisauni, na jasi haifuati sheria ya simiti. Haina ule ukali unaokikinga chuma, kwa hiyo floti ya feleji ya kawaida huacha juu yake vivuli vya kutu. Hapo ndipo chuma cha pua kisichoshika kutu upesi, chenye kromiamu isiyopungua sehemu 10.5 kwa mia, kinapostahiki bei yake, ingawa nacho chumvi ya bahari ikiachwa juu yake huweza kukitia vijishimo. Iko na hikima nyingine ambayo mafundi wapya huiona kama uchawi: jasi iliyochanganywa kwa chombo chenye mabaki ya jasi ya jana hushika haraka kuliko kaida, kwani fuwele zile za zamani huwa mbegu za fuwele mpya. Fundi hulaumu mfuko, akaenda dukani kugombana, ilhali kosa limo ndani ya karai lake.

Yamebaki makali na mpini. Mpini wa mti usilazwe ndani ya ndoo, kwani mti hunywa maji ukafura, kisha hukauka ukanywea, na msuka ukaanza kucheza ndani yake. Mwiko unaocheza humchosha fundi kiwiko kabla ya adhuhuri. Makali ya floti nayo huyapima kwa kuisimamisha juu ya kioo na kutazama mwanga upitao chini yake: mwanga ukionekana katikati, floti imepinda, ukionekana kwa nukta nukta, imeota vipele au imeingia mapengo. Mapengo huondolewa kwa msasa uliolowa, uliotandikwa juu ya kigae kilicho sawa, floti ikivutwa kwa urefu wake na kwa mwelekeo mmoja tu, na pembe zake nne zikapunguzwa ukali kidogo ili zisichimbe.

Floti mpya, hata ile inayotoka katika mji wa Marshalltown huko Iowa, Marekani, ambako miko imetengenezwa tangu mwaka 1890, haiwi nzuri siku ya kwanza. Makali yake ni manene na pembe zake ni kali, na lazima isuguliwe na ukuta kwa miezi mingi mpaka yawe membamba na yenye kunyumbuka, yakajua uzito wa mkono wa mwenyewe. Ndiyo sababu mimi hutumia floti mpya kwa tabaka la kwanza, ambalo litafunikwa, na ile iliyokwisha kulainika huiweka kwa tabaka la mwisho. Niliyonayo sasa nimeitumia muda mrefu hata upana wake umepungua kwa kidole kizima. Mwiko wangu wa kwanza, ambao ncha yake imekwisha kabisa na ubapa wake umebaki kiasi cha vidole vitatu, haufai tena kwa ukuta. Lakini umeng'ang'ania kuwa mnyoofu, na ndio ninaoutafuta kila nifikapo penye pembe za madirisha.