Springi za Pikapu ya Kikundi: Tubaki na Mabapa au Tuweke Koili?

Vikundi vingi vikishanunua pikapu ya kubeba maziwa, viazi au mbolea hufika mahali pa kuuliza swali hili. Gari likiwa tupu linarusha watu kama punda aliyekataa kazi. Mayai yanavunjika, na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku anaumia zaidi. Halafu anatokea fundi, anasema, "Toeni hizi springi niwawekee koili, mtalala mkiendeshwa." Kabla mweka hazina hajafungua sanduku, hebu tuelewane kazi yenyewe ni gani.

Springi ambazo pikapu nyingi huja nazo ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Bapa kuu limeshikwa kwenye chesisi kwa pini upande wa mbele, na upande wa nyuma linaning'inia kwenye sheko inayocheza. Ekseli imefungwa katikati kwa yubolti. Sasa angalieni hapa, maana ndipo watu hukosea: springi hii ina kazi mbili. Inabeba mzigo, na pia inaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Hata ukikanyaga breki, ni mabapa hayo yanayozuia ekseli isijizungushe.

Koili, ile springi ya kujiviringa, inafanya kazi moja tu, kubeba. Ukiikalisha ekseli kwenye koili bila kitu kingine, itahama chini ya gari. Kwa hivyo lazima iwekwe mikono ya chuma kutoka chesisi hadi ekseli, na tena fito la kuvuka upande hadi upande, au mikono iliyounganishwa kama herufi A. Land Rover walipotoa One Ten mwaka 1983 ikiwa na koili mbele na nyuma, waliweka mikono yote hiyo, na chesisi ilitengenezwa ikijua mzigo utakaa wapi. Fundi akiwatajia bei ya koili mbili na shokomzoba tu, muulizeni mikono iko wapi. Akibabaika, mshukuruni kwa chai mwende nyumbani.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Springi ya bapa inagawa uzito sehemu mbili za chesisi, mbele ya ekseli na nyuma yake. Koili inasukuma mahali pamoja tu, juu ya ekseli, na hapo chesisi ya pikapu ya mabapa haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Inabidi iongezewe chuma. Tena kuchomelea mabano kwenye bomba la ekseli kunaweza kulipinda kwa joto na kuunguza sili za mafuta. Tangi la mafuta nalo liko karibu! Hiyo si kazi ya kufanywa chini ya mti na mtu anayejifunza.

Tupige hesabu ya mzigo. Tuseme koili mbili laini zinashuka sentimita 1 kwa kila kilo 60. Pakia magunia 18 ya viazi, kila moja kilo 50 (sitaji yale ya lumbesa), hizo ni kilo 900. Sehemu kubwa ya uzito huo inaangukia nyuma. Hata tukihesabu kilo 780 tu, gari limeshuka sentimita 13, na pikapu nyingi zitakuwa zimeshagonga vizuizi vya mpira. Mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti. Mkiweka koili ngumu za kubeba mzigo huo, basi gari tupu litawarusha vilevile na pesa zimekwenda.

Breki nazo zimo. Pikapu nyingi zina vali nyuma, yenye fimbo iliyoungwa na ekseli, inayopima mzigo na kugawa nguvu za breki. Ukibadilisha kimo cha gari bila kuirekebisha, vali inadanganyika. Paipu za breki, kebo ya hendibreki na pembe ya propela lazima zitazamwe pia. Kisha bima na ukaguzi: ulizeni NTSA na kampuni ya bima kwanza, mpate jibu kwa maandishi, kwa sababu ajali ikitokea, neno la mdomo la fundi halitawalipia.

Sisemi koili ni mbaya. Kwa gari la kubeba watu na mizigo myepesi siku zote, likiwekewa mikono kamili na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, linatulia vizuri kwenye mashimo. Mwombeni awaonyeshe gari alilolitengeneza ambalo limekwisha tembea mwaka mzima. Lakini pikapu inayopanda na viazi na kurudi na mbolea, mimi ningeiacha na mabapa yake.

Ugumu ule mara nyingi unatoka kwingine. Kutu imeshikanisha mabapa yasiteleze, bushi za mpira zimekwisha, sheko imekwama, au shokomzoba zinavuja. Pengine mwenye gari wa kwanza aliongeza mabapa. Fungueni springi, zisuguliwe kutu, bushi zibadilishwe, bapa lililoongezwa litolewe kama mzigo wenu hauhitaji. Bapa lililovunjika linunuliwe jipya. Msikubali lichomelewe, kwani chuma cha springi kikichomelewa huwa kama kigae, kitakatika hapohapo. Wala msiruhusu lipashwe moto ili kulikunja, litalegea.

Yubolti mpya zikifungwa, mzikaze tena baada ya kutembea kilomita mia chache, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Dereva aandike tarehe hiyo kwenye kitabu cha gari, na mwenyekiti aione.