Mtungi Uvujao

Hakuna nyumba isiyokuwa na kesi. Leo ndugu amezinywea pombe fedha za ada, kesho binti wa jirani amepata mimba. Mara baraza huketi, na kila aliyeketi hujifanya hakimu. Yafaa basi kulikumbuka jambo lililotukia Misri yapata miaka 1,600 iliyopita.

Katika jangwa la Sketi, mahali paitwapo leo Wadi el-Natrun, waliishi watawa wa Kikristo. Miongoni mwao alikuwamo Musa, aliyejulikana kwa jina la Musa Mwethiopia. Kabla ya utawa alikuwa mtumwa wa afisa mmoja wa serikali. Akafukuzwa kwa sababu ya wizi, akawa mkuu wa genge la wanyang'anyi. Mtu huyo ndiye ambaye watawa walimpokea, wakamfunza, hata akafikia daraja la upadri.

Siku moja mtawa mmoja alikosa. Wazee wakaitisha baraza ili wamhukumu, wakamwita na Musa. Musa akakataa kwenda. Walipompelekea mjumbe kusema kwamba wote wanamngoja, aliinuka, akatwaa mtungi uliotoboka, akaujaza maji na kuubeba. Wenzake walipotoka kumlaki, waliona maji yakichuruzika nyuma yake, wakamwuliza maana yake. Akawajibu kuwa dhambi zake mwenyewe zinamwagika nyuma yake wala hazioni, naye leo amekuja kulihukumu kosa la mwenziwe. Waliposikia hayo, hawakumwambia neno yule ndugu, wakamsamehe.

Huenda msomaji akauliza: je, uovu uachwe tu? La, hasha. Injili ya Yohana yasimulia kwamba Yesu hakumhukumu mwanamke aliyefumaniwa, lakini pia alimwagiza asitende dhambi tena. Huruma hailiiti kosa kuwa jema, bali humwachia mkosaji njia ya kurudi.

Nyumbani njia hiyo huzibwa kwa urahisi sana. Mtoto aliyeiba mara moja, akaitwa mwizi mbele ya wageni, hujifunza kulijibu jina hilo. Mzazi mwenye busara humwita faraghani, humwambia kosa lake waziwazi, humtaka arudishe alichochukua, kisha halitaji tena kila wanapokosana. Binti aliyepata mimba naye huhitaji chakula, kliniki na mahali pa kulala kabla ya kuhitaji mahubiri.

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Laiti watawa wale wangalimfungia Musa mlango kwa ajili ya unyang'anyi wake, asingalikuwapo mtu wa kuubeba mtungi siku ile. Kabla ya kuketi barazani kumhukumu mwenziwe, kila mtu na ageuke kwanza, atazame njia aliyopita: ataikuta imelowa.