Bukavu: Mashini nne za Ruzizi I na hesabu ya siku za giza

Umeme ukikatika Bukavu, wakaaji wanauliza utarudi saa ngapi. Mafundi wa matengenezo wana swali lingine: mashini ilisimama siku ngapi, na kati ya hizo ni ngapi fundi alikuwa kazini kweli?

Kiwanda cha Ruzizi I, karibu na mahali mto unapotoka Ziwa Kivu, kinatoa umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kina mashini nne. Tuchukue mfano, kwa namba za kufundishia tu, si vipimo vya kiwanda: kila mashini inazunguka siku 90, kisha inasimama siku 10. Iko tayari kwa asilimia 90. Mtu atasema hiyo ni nyingi. Lakini kama kila moja inaharibika kwa wakati wake, zote nne zitazunguka pamoja asilimia 66 tu ya wakati. Karibu theluthi ya mwaka, walau moja imelala.

Tufungue zile siku 10. Tuseme kutengeneza kunachukua siku mbili, na nane zinapita kungoja piesi kutoka ng'ambo. Piesi ikiwa tayari katika depo, mashini inasimama siku mbili tu, na zote nne zinazunguka pamoja asilimia 92 ya wakati. Hakuna mashini mpya iliyonunuliwa!

Kalamu inafika hapo. Kompyuta inaendelea: inacheza maelfu ya miaka ya kubuni, na katika kila mwaka inapiga kura mashini ipi itaharibika na lini, piesi ipo au haipo, fundi yuko huru au bado yuko kwa mashini nyingine. Mwishoni inaonyesha ni mara ngapi mbili zilisimama wiki moja. Wakati huo ndio delestaji inauma.

Kuna mtego mmoja, na Bukavu inaujua. Hesabu ya juu inadhani kila mashini inaharibika peke yake. Chupa na mifuko ya plastiki inayoshuka kutoka ziwani haichagui: inaziba njia ya maji, na mashini kadhaa zinaweza kusimama siku moja. Anayesahau plastiki katika programu yake atapata asilimia nzuri kwenye karatasi, na mishumaa nyumbani.

Programu hiyo inalishwa na daftari la kiwanda: siku na saa mashini iliposimama, sababu, saa ilipowashwa tena.